Mlinzi Asiyejua Dakika

Saa nane na robo usiku Luvanda anapiga simu:
"Injinia Tumwitike, imejizima tena na kujiwasha."
Sauti yake ina vumbi la chai.
Kwenye chumba cha kuchachushia jani halimngoji mtu;
likipitiliza dakika kumi linakuwa majivu mdomoni,
na mnunuzi wa mnadani hataki habari za kompyuta.

Nje, ukungu wa Mufindi umeshuka hadi magotini.
Kipande cha reli kimening'inia kwenye mkaratusi,
na Chaula hukigonga kila nusu saa
ili meneja aliyelala ajue kuwa mlinzi hajalala.
Reli ikinyamaza, meneja huamka na tochi.
Ndio mkataba.

Ndani ya boksi la bati kuna mkataba uleule:
programu inagonga, kiini cha mfumo kinapokea,
kinaigongea chipu ndogo ambayo mafundi humwita mbwa.
Ukimya ukizidi sekunde sitini, mbwa anasema huyu amekufa,
anauma, na mashine inazaliwa upya.
Desturi njema. Kilichoganda hakijui kuwa kimeganda.

Lakini huyu wetu, aliyenunuliwa kwa bei ya huruma
Makambako, amefungwa kwenye gazeti la lugha nisiyoisoma,
dakika haijui.
Mchana anajikongoja hadi hamsini.
Usiku, baridi ikiingia kwenye bati,
anahesabu kama mtoto wa kombolela:
moja, mbili, kumi, ishirini, tayari!
Akauma mzima.

Nilimwambia acha. Rejista ikaandika sifuri: nimeacha.
Na chini kwa chini akaendelea kuhesabu.
Mara tatu niliisoma biti ile,
mara tatu ikanidanganya bila kupepesa.
"Ing'oe," anasema meneja.
Niing'oe vipi? Imechomelewa bodi moja na ubongo.

Basi nimekaa juu ya mfuko wa chai daraja la tatu,
kompyuta mapajani, vidole vimekufa ganzi,
naandika ndani ya kiini, mahali ambapo
herufi moja ikikosewa nyumba yote inalala chini:

ikiwa ni chipu ya aina hii, toleo hili,
usiamini inachosema.
Usiulize kama imezimwa. Chukulia iko macho.
Igongee kila sekunde mbili,
hata kama hakuna aliyekutuma.

Nikajaribu. Nusu saa, kimya. Mashine inapumua.
Luvanda akacheka peke yake kule kwenye mitambo.
Nilitaka kufunga kifuniko niende zangu.

Ngo, ikalia reli.
Nikatazama saa: tisa kasoro tano.
Ngo. Tisa kasoro tatu.
Nani anagonga hivyo?

Nikatoka. Upepo ulikuwa unatikisa tawi,
tawi linavuta kamba, kamba imefungwa nyundo,
nyundo inaigonga reli,
na Chaula, kibandani, mdomo wazi, koti hadi masikioni.
Mchana analima viazi Kibao, usiku analinda.
Ni nani asiyeganda?

Nilisimama pale mpaka soksi zikalowa.
Kumbe na mimi nimefunga nyundo kwenye tawi.
Kiini changu kitamlisha mbwa sekunde kwa sekunde
hata programu ikifa, hata chai ikiungua,
na mbwa aliyeshiba hivyo hawezi kuitambua maiti.

Nikaifungua kamba. Chaula sikumwamsha.
Nikarudi kwenye mfuko wangu, nikaongeza mstari mmoja:

igongee, mradi programu ya chai
imekugongea wewe ndani ya sekunde sitini.
Zikipita, kaa kimya.
Mwache aume.

Nikahifadhi. Nikawasha upya. Nikahesabu kwa mdomo
kama asiyeamini saa yoyote tena.
Kwa makusudi nikaiua programu:
hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini,
sekunde chache za kimya, kioo kikawa cheusi,
halafu, taratibu, kikafumbua macho.

Nje reli haikulia.
Saa tisa na nusu ikapita. Dakika tano zaidi.
Kwenye dirisha la meneja, ng'ambo ya ukungu,
tochi ikawaka.