Mkate wa Barua ya Nne

Katika barua ya nne, mwaka ule Wete ilipokosa sukari,
Baba aliandika: "Hapa Sib kuna mkate
mwembamba hata gazeti utalisoma upande wa pili.
Wanautia yai, wanautia asali, wanaukunja.
Nikirudi nitakuonesheni."
Hakurudi na mkate. Alirudi na redio, na kikohozi.

Leo Alhamisi usiku nimo Sib,
nambari themanini na saba mkononi,
na mbele yangu Maskati nzima ina njaa.
Nje magari yanapiga honi, hashuki mtu;
wahudumu wanakimbia na trei kama wanaodaiwa.
Ukutani picha: baga, shawarma, baga ya ghorofa.
Mkate wa Baba haumo.

Namsimamisha kijana, kibandiko kifuani chasema Biju.
Kiarabu changu ni cha chuoni, cha sala na mirathi,
hakijazoea kuagiza chakula.
Nasema khubz, naonesha wembamba kwa vidole,
nasema baydh, nasema asal.
Jibini? Hapana.
Chipsi za pakiti? Wote wanataka chipsi.
Hapana, mwanangu. Asali.
Ananitazama kama nimeomba kiatu.

Meza ya jirani wameshadaka.
Mama wa Samail, pete vidole vitano, anaapa
mkate wa kweli hautiwi yai.
Mwanawe, mdomo umejaa, anaapa bila chipsi si kitu.
Binti mwenye vyuma vya meno ananigeukia
kwa Kiswahili cha Ng'ambo kilichozaliwa hapa hapa:
"Shangazi, wa asali anakula bibi yangu tu.
Na bibi hana meno."

Themanini na saba!
Biju kauleta, na kando yake
kipakiti cha asali ya kutilia chai,
sijui kakichomoa wapi.
Naukunjua kwanza. Nauinua kwenye taa,
naweka tikiti nyuma yake:
nane inasomeka. Saba inasomeka.
Hapo Baba hakutia chumvi.

Kisha nauma.
Si mbaya. Umeungua ukingoni, yai limepoa.
Lakini si wa kuandikiwa barua,
si wa stempu mbili na ukurasa mzima
kwa watu wanaosubiri kusomewa habari ya pesa.

Natafuna polepole.
Kila mwezi riali zilifika Wete, hazikupungua hata moja,
na hatukuuliza yeye alibaki na nini.
Nusu ya pili naimaliza bila asali.
Baba, kumbe ulikuwa na njaa.