Chumvi Barabarani

Nilikikuta nyuma ya zizi la kondoo, juu ya Oakworth,
kimezama hadi vikombe vya magurudumu katika nyasi,
na ndani yake kuku wawili wametaga
pale ambapo abiria angeweka miguu.
Mkulima aliniuliza mara mbili: una hakika?
Nikamhesabia pauni mia nne na hamsini.
Kuku akawatoa mwenyewe. Mayai akanipa.

Kisuzuki cha mwaka themanini na tisa,
kifupi kama jibu la mtu aliyenuna.

Dada yangu Tatu, kule Korogwe, akaiona picha:
"Wenzako huenda Ulaya wakapata gari.
Wewe umepata jina la gari."

Mji huu unaandikwa kwa herufi nane, Keighley,
na kutamkwa kwa pumzi mbili, Kithli;
kila kitu hapa kina sehemu isiyosomwa.
Na kigari nacho: nilipobandua zulia
niliiona saruji ya uani kwangu kupitia sakafu.
Huku kila Disemba humwaga chumvi barabarani
kama mpishi asiyeonja,
na chumvi haina papara. Hula kama mgeni mwenye adabu,
kidogo, kidogo,
kisha unainua kawa, sahani tupu.

Tanvir wa nyumba ya pili akaja na mtambo wa kuchomea.
Akagonga fremu kwa nyundo, sikio kaliinamisha:
hapa pazima, hapa pazima, hapa
nyundo ikatokea upande wa pili.
Hakusema neno. Aliomba chai.

Jumapili kumi na moja.
Spana namba kumi nilinunua nne, zote zikapotea;
nadhani kuna nchi zinakohamia.
Bolti ya springi ya nyuma niliipaka mafuta Jumatatu,
Jumatano nikaibembeleza,
Ijumaa nikaitukana kwa Kizigua, ikalegea.

Kabureta niliifungua juu ya meza ya kulia chakula.
Jeti yake, ndogo kama punje ya mtama, ikadondoka,
na mimi na Shomari wangu tukatambaa na tochi,
mashavu sakafuni, tangu magharibi hadi isha.
Ana miaka kumi na sita, hunipa maneno sita kwa siku.
Usiku ule alinipa mia na zaidi:
mwalimu wake wa fizikia, msichana fulani, kwa nini hali tena samaki.
Jeti aliiona yeye, ndani ya ndala yangu.
Nilitamani ingepotea tena.

Rangi nilipaka kwa brashi. Ndiyo, kwa brashi.
Mkaguzi akakizunguka, akaandika maonyo matano,
akanipa cheti huku akitabasamu na ubavu wa mdomo.

Sasa ndicho kinipelekacho zamu, alfajiri, kila siku.
Hita ina tabia mbili: kukataa, na kukubali kwa masharti.
Mlimani malori hunipita yakinipulizia ukungu,
nami naimba vibaya, maana redio haipo
na injini haijali.

Kisha Januari theluji ikaziba barabara ya juu.
Magari marefu yanayong'aa yalilala kando, tumbo upande.
Nikavuta gia ndogo, ka!
magurudumu yote manne yakashikana mikono.
Njiani nikampakia Dada Hattersley, mkuu wa wodi yetu,
yule aliyekiita kabati.
Alishika mpini kwa mikono miwili, akapiga kelele kwenye kona,
na tulipofika lango la hospitali
akasema, zunguka mara moja zaidi.

Kila nikirudi, kabla sijavua koti,
naingia uvunguni na mpira wa maji, nakiosha tumbo.
Shomari hushika tochi. Maji yananiingia shingoni.
Chumvi itashinda, najua, ina muda wote duniani.
Lakini si wiki hii.
Wiki hii nina zamu.