Modi ya Machano

Nyuma ya duka la nazi,
vijana tuna makazi:
feni yalia ja mbuzi,
huku Wete, Utaani.

Jero kwa saa twatoa,
kifaru tukachukua,
theluji tukaingia
tusoijua mwilini.

Mbaruku kaja na modi,
kaibeba kwenye kadi,
akasema: "Sina budi
kuitia mashineni.

"Adui akijificha,
modi humpiga picha,
doa jekundu huacha
pale alipo laini.

"Umbali hukupimia,
upepo hukutajia,
nawe wajifyatulia
ja jiwe la manatini."

Kheri akawa mkali:
"Huo si mchezo kweli!
Vitani hapana wali
wa kutiliwa kinywani.

"Wajua adui wapi?
Kitundu chako kifupi,
moshi na vumbi ja kapi,
mate yakwama kooni."

Mbaruku akamjibu:
"Soma kwanza, ewe babu!
Vya leo vina hesabu
na kompyuta ubongoni.

"Leza masafa yapata,
joto lako lakuteta;
wewe ndiye unaota
vita vya babu, zamani."

Feni ikitengenezwa
na Machano — hakuwazwa —
sikio likachokozwa,
akashuka kigodani.

"Mimi, sabini na tisa,
nilikuwa — si mkasa
wa runinga, bali hasa —
mpigaji, kifaruni.

"Dizeli ndani yanuka,
masikio yaniwaka,
na mbele sina hakika
ni kichaka au nani.

"Kamanda wangu ni Nyange,
mtu wa Konde, mnyonge;
redio ikenda tenge,
tukanena mabegani.

"Teke bega la kulia:
kulia nageuzia.
La kushoto: nahamia.
Kisogoni: 'Piga! Chini!'

"Hiyo ndiyo modi yangu.
Yavuta sigara zangu,
yanilia wali wangu,
ina mke kisiwani.

"Siku moja nikangoja.
Bega langu, hata moja
teke lake halikuja.
Napiga, sijui nini."

Hakusema tena neno,
akapangusa mkono,
hakutaka elfu tano,
akenda zake sokoni.

Mbaruku: "Mwaona? Modi
halisi! Hata shahidi
kasema!" Kheri karudi:
"Yako hufa lini, lini?"

Hakuna aliyejibu.
Feni yenda taratibu,
haina tena ghadhabu
ya mbuzi wa machinjoni.

Nami zamu ikafika,
modi nikaiepuka,
theluji nikaivuka
kwa kitundu, upofuni.

Nikafa dakika mbili.
Nikafa tena, ya pili.
Sikuuona ukweli,
giza tu la runingani.

Modi nikairejesha,
doa likajionyesha,
kidole nikasitisha
juu ya kitufe, kwani

bega langu la kushoto
liliwasha kama moto,
kama nangoja mzito
mguu, toka gizani.