Hadi Ijumaa

Jumamosi usiku, Walukuba, umeme umekatika.
Nasokota kwa kupapasa.
Fungu moja, mikia miwili, wa kulia juu ya wa kushoto
mpaka nchani, na ncha naizungusha kidoleni
isije ikaachia kama kamba mbovu ya mbuzi.
Mafuta ya moo yaa yametoka Kitgum,
shangazi Lanyero kayatuma kwenye chupa ya soda.
Kukiwa na baridi yanaganda, kiganjani yanayeyuka,
yananukia moshi wa jikoni kwake.

Thelathini na nane. Nahesabu kwa sauti.

Kesho sitoki. Nitakaa juani nyuma ya nyumba,
Nabirye wa jirani acheke akitaka.
Msokoto unaofumuliwa na maji ndani
ni siri iliyosemwa mapema:
haifiki saa sita mchana, umevimba, mji mzima unajua.
Nangoja mpaka pakauke katikati,
pale ambapo jua huchelewa.

Baba naye angecheka.
Sajenti Obwona, kikosi cha magari, kambi ya Jinja,
aliyetunyoa kila Jumapili ya pili,
mimi na watoto wa mstari mzima wa mabanda,
kwa wembe na sabuni ya bluu,
maana shule haikutaka nywele za msichana.
Alitunyoa kwa Kiswahili kile cha gwaride, kisicho na tafadhali:
Inama. Geuka. Mwingine!
Miaka kumi na mitatu
sikujua nywele zangu zina umbo gani.
Nilizijua kwa kiganja tu, kama msasa.

Lakini ni yeye huyo
aliyelaza suruali chini ya godoro
usiku wa kuamkia gwaride.
Aliinyunyizia maji kwa mdomo,
akaupitisha ukucha juu ya mkunjo,
akalala chali, mikono kifuani,
hakugeuka hadi alfajiri.
"Nguo hulindwa usiku," alituambia.
"Mchana unaonyesha tu ulivyolala."

Basi nalala na nanasi utosini:
nywele zote juu, zimefungwa legelege
kwa mshipi wa gomesi la mama, ule wa satini ya zambarau,
uliobaki gomesi lenyewe lilipochanika.
Pamba ina kiu. Foronya yangu ya zamani
ilikunywa mafuta ya mwezi mzima
na haikuwahi kuwa na nywele.

Jumatatu nafungua kibanda cha kutuma pesa
na mteja mmoja anasahau namba yake ya siri.
Nashukuru kimoyomoyo.
Siku mbili natembea kwa miguu,
helmeti ya bodaboda ni adui wa kazi yangu.
Kisha ziwa linatuma mvuke wake barabarani, bila hodi,
nami naukalia mkono wangu wa kushoto
ambao haujui kutulia, unataka kugusa, kuvuta, kupima.
Usiku narudia mafungu matano, ya usoni tu.
Hayo mengine yajitegemee.

Alhamisi mvua.
Namwaga nyanya mezani, kaveera navaa kichwani,
nakatiza soko zima nikiwa mzigo.

Ijumaa jioni naenda Masese kumwona mzee.
Macho yake yana ukungu siku hizi,
ananitambua kwa hatua.
"Sogea," anasema. Nainama mbele ya kiti,
shingo yangu bado inakumbuka wembe.
Mkono ule ule unashuka, unatetemeka,
unapata msokoto mmoja uliobaki na wimbi lake,
unaupitishia ukucha, polepole, mpaka chini.

"Za lini hizi?"
"Za Jumamosi, afande."

Ananyamaza. Nje mtu anaita kuku wake.
"Umelala vizuri," anasema,
kisha mafuta yaliyobaki kidoleni
anajipaka kwenye upara.