Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Behewa moja tu, rangi ya maziwa yaliyochacha,
husimama Kuwanose dakika moja, likihema.
Saa ya stesheni haikosei hata sekunde;
watu ndio wanaokosekana.
Dereva huchungulia. Hakuna.
Hakuna, ila mzee Isobe
na mito minne ya benchi aliyoishona marehemu mkewe,
mmoja umetoboka, pamba imetoa ulimi.

Kila Jumanne hununua tiketi kwangu,
ya kwenda na kurudi.
Naitoboa kwa koleo,
naye hapandi.
Huitia kwenye kopo la biskuti, hufunika.

Leo theluji imefika magotini, nikamwuliza:
Mzee, pesa zote hizi, safari hakuna?
Akapangusa miwani.
"Kampuni huhesabu tiketi, mwanangu,
haihesabu abiria."

Behewa likaondoka tupu.
Nikafungua pochi yangu,
nikajiuzia moja.