Nyota Nne

Simu ilitetemeka kwenye dashibodi:
abiria mmoja, Segerea hadi Mikocheni.
Jina, Nsia. Umbali, dakika nne.
Nikajisemea, akina Nsia wako wengi jijini,
nikabonyeza kubali bila kuangalia ramani,
maana hesabu ya tajiri ilikuwa bado elfu thelathini na moja
na jua lilishaanza kuinamia upande wa Kimara.

Dakika nne zile zilizaa, na wana wao wakazaa.
Nilipofika, niliona geti la bluu ninalolijua,
kufuli niliyonunua mwenyewe Kariakoo,
na mke wangu, kabeba keki ya ghorofa tatu
kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.
Akatazama namba za gari. Akatazama simu.
"Ambakisye, nyota nne nukta nane. Ndiye wewe?"
"Ndimi."
"Basi fungua mlango, usiguse kisanduku."

Akakaa nyuma, kama abiria.

"Si ungenipigia tu?"
"Ningekupigia ungesema uko kazini."

Tabata tulikwenda. Mandela tukasimama.
Malori ya bandarini yamejipanga kimya
kama wafiwa wanaosubiri mwili,
na kwenye kioo cha simu barabara yetu yote
ni mstari mwekundu, kidonda kilichochubuliwa.
Kule mbele, mkono mweupe wa trafiki uko juu,
umesahauliwa huko juu.
Kijana akapita akiuza feni, mkeka, chaja,
na ramani ya dunia iliyokunjwa mara nane.
Nsia akamuuliza bei ya dunia. Elfu saba.
Akasema, ipunguze, haina hata Segerea.

"Washa kiyoyozi, siagi inalia."
"Kinakula mafuta."
"Mimi ni abiria. Nalipa."
Nikawasha.

Hapo ndipo nikajua Ipyana aling'oka jino.
"Lini?"
"Jumanne ya juzi. Amekuwekea kwenye kiberiti, juu ya kabati.
Kila asubuhi anauliza kama umeliona."
Natoka alfajiri, saa kumi, wote wamelala.
Narudi, wote wamelala.
Nyumba yangu naijua kwa pumzi.
Naye akajua kwamba mchana nalala chini ya muarobaini
nyuma ya kituo cha mafuta, miguu nje ya dirisha,
kwamba chipsi zimenichosha,
kwamba kuna mzee nilimpeleka Muhimbili bure
halafu nikamdanganya tajiri kuwa tairi lilipasuka.
Akanyamaza. Halafu mkono ukatoka kule nyuma,
ukanipangusa unga wa sukari kwenye bega,
unga ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeupaka.

Ubungo, mwendokasi likatupita kwenye njia yake,
peke yake, limenyooka kama bwana harusi,
abiria wamebanwa kwenye vioo wakitutazama
nasi tukiwatazama, kila upande ukiwahurumia wenzake.
Saa moja na nusu kutoka Tabata mpaka hapo.
Kwa miguu tungeshafika.
Lakini kwa miguu tungezungumza nini?
Mtu anayetembea ana haraka.

Nilipoona kule mbele magari yanaanza kusogea,
Mungu anisamehe,
niliacha pengo.
Bajaji tatu zikaingia. Nyuma wakanipigia honi, wakanitukana mama.
Nsia aliona. Hakusema kitu.

Mikocheni, mlinzi akafungua, keki ikashuka salama,
ghorofa ya juu imeinama kidogo tu.
Elfu kumi na tisa. Akanihesabia mkononi, noti kwa noti,
na kampuni, ambayo hatujawahi kuiona sura,
ikamega yake hapo hapo, katikati ya ndoa.

Simu ikaniambia: umepewa nyota nne.
"Nne?"
"Ulichelewa."
"Na ya tano?"
Alikuwa ameshanipa mgongo, anaelekea jikoni kwa wenyewe.
"Iko kwenye kiberiti."

Simu ikatetemeka. Msasani, dakika sita.
Nikaiacha ilie mpaka ikampata mwingine.
Ikalia tena.
Bado elfu kumi na sita za tajiri.
Nikafuta vidole, nikabonyeza.