Ukuta Wenye Tundu

Kuna watu walioujenga ukuta
kisha wakauachia ufa kwa makusudi.

Ni Kuromizo, bonde jembamba la Shikoku,
ambako mto unavukwa kwa hatua moja
mpaka mwezi wa tisa,
kimbunga kinapopanda kutoka baharini.
Zege, mita sita kwenda juu,
na chini katikati, tundu:
mtoto anapita akiinama.
Nyuma yake hakuna ziwa. Hakuna samaki.
Kuna nyasi, na njia ya nguruwe mwitu.

"Mmelipia bwawa, mkauziwa mlango,"
alicheka Yasuke, muuza tofu.
Fundi Kisaburo, aliyelimimina zege lile
na kusahau alama ya kidole gumba ukingoni,
hakujibu. Alikuwa anatafuna.

Juu ya ukuta lilibaki shamba moja,
la shangazi yangu Tomie:
figili, mistari kumi na minne.
Halmashauri ilimletea karatasi.
Maji yakijaa, yatajaa kwako.
Akagonga muhuri wake, wino mwekundu,
akasema, "Kumbe ziwa ni mimi."

Miaka kumi na mmoja ukuta ulisimama mkavu.
Tuliupigia mpira. Ukaota kuvu.
Wengine walisahau ulikuwa wa nini.

Usiku ule mvua haikunyesha, ilimwagwa.
Mto ukaja na mawe tumboni,
ukaupiga ukuta bega,
ukarudi nyuma kidogo
kama mtu asiyeamini kwamba kwao kumefungwa.
Tundu likatoa maji ya kipimo,
yale ambayo bonde la chini lingeyameza
bila kupaliwa.
Mengine yakaambiwa yangoje.
Yakangojea kwa Tomie.

Nilikuwa naye dirishani, tochi mkononi mwake.
Hakulia. Alihesabu:
wa kwanza, wa nne, wa tisa.
Ulipozama wa kumi na nne akaizima tochi.
Betri ni ghali.

Asubuhi, kule mjini, watu walitoka na mafagio
wakakosa matope ya kufagia.
Wakasimama darajani
wakitazama figili zikishuka, nyeupe,
moja baada ya nyingine, kwa foleni,
kana kwamba kuna aliyezipanga.
Yasuke alivua viatu, akaingia majini,
akaopoa moja, akaopoa nyingine,
akaijaza ndoo yake ya tofu.

Akaipandisha mlimani saa nzima.
"Ni zako hizi," alisema,
asijue macho ayaweke wapi.
Shangazi aliigeuza moja, akainusa,
akairudisha ndooni.
"Zina mchanga. Zioshe vizuri kabla hamjala."

Siku ya nne maji yalikuwa yameisha.
Ukutani ulibaki mstari wa tope,
juu kuliko kichwa cha Kisaburo,
naye alikuja kuutazama, akaugusa, akaenda zake.

Nilimkuta Tomie ameinama shambani,
kamba imenyooshwa, mbegu kwenye kikombe cha chai.
Nikahesabu vijiti vyake.
Kumi na tano.